Filta ipi kwa turbini ya gesi Tanga? Anza na ukoko unaoziba njia za kupozea bledi

Anayepanga kuendesha turbini ya gesi Tanga huletewa mezani filta za hewa za aina mbili. Ya kwanza ni filta ya kujipuliza: katriji za mviringo ambazo vumbi likizidi hupigwa mpulizo mkali wa hewa kutoka ndani, vumbi likadondoka, kazi ikaendelea bila mashine kuzimwa. Ya pili ni filta tuli: hatua mbili au tatu zilizofuatana, kila moja laini kuliko iliyotangulia, na zikijaa zinatolewa na kuwekwa mpya. Wauzaji huzilinganisha kwa bei, kwa muda zinaodumu, na kwa nguvu ya mashine inayopotea hewa ikipita kwa taabu. Yote hayo yanafaa kuangaliwa. Lakini kipo kipimo kinachotajwa mwisho wa mazungumzo, au kisichotajwa kabisa, nami naona ndicho cha kutangulia: ni vumbi gani litapenya, na likishapenya litafanya nini kwenye njia za kupozea bledi, yaani yale mapanga ya chuma yanayopigwa na gesi ya moto ndani ya turbini.

Nalishikilia hili kwa sababu Tanga si mahali pa kawaida kwa turbini. Mji umekaa juu ya mawe ya chokaa, umepakana na bahari, na baadhi ya barabara zake za kuelekea bara ni za udongo mwekundu. Umeme wake wa jirani kwa miaka mingi umekuwa wa maji ya mto Pangani, yaani Hale yenye megawati 21 na Pangani mpya yenye megawati 68, na mitambo ya maji haijali chumvi iliyo hewani. Siku gesi itakapofika kwa bomba, au kwa malori ya gesi iliyoshindiliwa, kiwanda kitakachonunua turbini yake hakitakuwa na wa karibu wa kumwuliza. Heri tuyazungumze sasa.

Hewa isiyopita motoni

Kompresa ya turbini huvuta hewa na kuishindilia. Sehemu kubwa huenda kwenye chumba cha mwako. Sehemu nyingine, ambayo kwenye mashine za joto kali hufika asilimia 20 hata 25 ya hewa yote, haiendi motoni. Inachepushwa pembeni na kupelekwa kwenye safu za kwanza za bledi, zile zilizosimama na zile zinazozunguka. Huingilia shinani mwa bledi, hupita kwenye njia nyembamba zilizopindapinda, hupiga kuta kwa ndani, kisha hutokea kwenye vitundu vyenye kipenyo cha kama nusu milimita hadi milimita moja. Ikishatoka hujitandaza juu ya bledi na kuwa utando mwembamba kati ya chuma na gesi ya moto.

Huitwa hewa ya kupozea, ingawa yenyewe huwa na nyuzi 400 hadi 600 za Selsiasi kwa sababu kushindiliwa kumeipasha. Ni baridi ukiilinganisha na kilicho nje: kwenye mashine kubwa za kisasa gesi inayoingia kwenye bledi hufika nyuzi 1,600, na aloi za nikeli ambazo bledi zimeundwa nazo huanza kuyeyuka kwenye nyuzi 1,300 hivi. Kinachoiokoa bledi ni hewa hiyo pamoja na koti la seramiki lililopakwa juu yake. Wahandisi wa upoozaji wana kadirio wanalolitumia sana: joto la chuma likizidi lililokusudiwa kwa nyuzi 30 tu, umri wa bledi unaweza kupungua kwa nusu. Nyuzi 30 kati ya 1,600 ni kitu kidogo mno, na ndiyo maana ukoko mwembamba usioonekana kwa macho unatosha kuleta hasara.

Tazama sasa vumbi linavyosafiri. Chembe zinazopita kwenye chumba cha mwako hulainika, nyingine huyeyuka, zikagonga bledi kwa nje na kung'ang'ania. Chembe zilizochepuka na hewa ya kupozea hazijawahi kuona moto, lakini zinapelekwa mahali penyewe ambapo njia ni nyembamba kuliko zote.

Ukoko unavyoharibu upoozaji

Ukoko wa nje huanza kwenye bledi zilizosimama za safu ya kwanza, hasa mbele na upande ule gesi inakopigia. Chembe hupikwa pale na kushikamana na uso kama ukoko wa wali kwenye sufuria. Uso uliokuwa laini unakuwa na mabonde na vilima, gesi inaparuza kwa fujo, na joto linaloingia kwenye chuma linaongezeka. Hapa pana jambo ambalo limewapotosha watu. Ukoko wenyewe haupitishi joto vizuri, kwa hiyo kwa muda fulani unaweza hata kukinga chuma kidogo. Mtu akipima joto la chuma kipindi hicho ataambiwa mambo ni shwari. Kisha mashine inazimwa, vitu vinasinyaa kila kimoja kwa kiasi chake, ukoko unabanduka na kuondoka na kipande cha koti la seramiki. Mashine ikiwashwa tena, pale palipobanduka chuma kiko uchi.

Kwenye midomo ya vitundu mambo ni mengine. Ukoko ukijenga ukingo kuzunguka kitundu, hewa inayotoka hubadili mwelekeo: badala ya kulala juu ya bledi inaruka juu, gesi ya moto ikapenya chini yake. Kitundu hakijaziba, hewa bado inatoka, lakini utando haupo. Hewa nyingi ya kupozea inasaidia kwa kiasi, maana uso ukiwa na baridi zaidi chembe hazilainiki na zinaruka badala ya kushika. Jaribio moja lililofanywa Brigham Young University, Marekani, ambako Jeffrey Bons na wenzake waliunda mtambo wa kuharakisha ukoko, liliweza kujenga kwa saa 4 ukoko unaofanana na wa saa 10,000 za turbini ya kuzalisha umeme, kwa kuongeza tu wingi wa chembe hewani. Maana yake ni kubwa kwa anayenunua filta: kinachohesabika ni wingi wa chembe ukizidishwa kwa saa. Hewa yenye vumbi kidogo kwa miaka mitatu na hewa chafu kwa siku chache zinaweza kukufikisha mahali pamoja.

Ukoko wa ndani ndio unaonitia wasiwasi kuliko wote. Vumbi laini kabisa, lile la chini ya mikroni 10 (mikroni ni sehemu moja ya elfu ya milimita), linafuata hewa ya kupozea hadi ndani ya bledi. Pale hewa inapopiga ukuta kwa kasi, hurundikana vilima vidogo, kila mpigo na kilima chake. Kwenye kona ambako njia inageuka kurudi ilikotoka, linajaa. Ukoko huu hauna ile faida ya muda niliyoitaja, kwa sababu umekaa upande wa baridi: unazuia hewa ya kupozea isiguse chuma, na joto la nje linaendelea kuingia. Boroskopu, ile kamera nyembamba ambayo mafundi huingiza ndani ya mashine, inaona nje ya bledi na midomo ya vitundu, lakini haioni yaliyomo kwenye njia hizo. Baadhi ya watengenezaji huacha tundu kwenye ncha ya bledi inayozunguka ili vumbi lililotupwa huko na mzunguko lipate pa kutokea. Ni jambo jema, na ukipewa nafasi ya kuchagua bledi za akiba, uliza kama lipo.

Hewa ya Tanga imebeba nini

Tuanze na chumvi. Kaskazi ikivuma inatoka baharini, na kusi ikivuma inatoka baharini. Hakuna msimu ambao mji unapumzika. Chumvi ya kawaida hufyonza unyevu na kugeuka maji ya chumvi unyevu wa hewa unapofika asilimia 75, na usiku wa pwani hupita hapo mara kwa mara. Kwa hiyo chumvi inakufikia ikiwa chembe kavu mchana na matone usiku. Ikifika ndani, hugeuka salfeti ya sodiamu. Wengi hudhani salfa lazima itoke kwenye mafuta, na kwamba gesi safi kama ya Songo Songo inamaliza tatizo. Sivyo. Chumvi ya bahari inakuja na salfeti yake yenyewe, kama asilimia 8 ya uzito wake. Salfeti ya sodiamu huyeyuka kwenye nyuzi 884, ikichanganyika na nyingine huyeyuka chini ya hapo, na ikiwa majimaji inakula tabaka la kinga la chuma.

Halafu kuna chokaa na saruji. Pongwe wanachimba mawe ya chokaa na kuchoma saruji, na vumbi lake ni kalsiamu, silika na alumina. Ongeza udongo mwekundu wa Muheza na Korogwe unaoinuliwa na malori, wenye silika, alumina na chuma. Mchanganyiko wa kalsiamu, magnesia, alumina na silika ndio ule ule ambao wataalamu wa injini za ndege wanauogopa jangwani na kwenye majivu ya volkano. Huyeyuka karibu na nyuzi 1,200 hadi 1,250, ukawa kioo, ukazama ndani ya vinyweleo vya koti la seramiki na kulifanya gumu. Koti lililotakiwa kunyumbuka na chuma sasa halinyumbuki, linapasuka.

Singa za mkonge na mabaki yake nazitaja tu. Zikifika motoni zinaungua na kuisha. Kazi yake mbaya ni kuziba filta ya mbele, na hilo linaonekana na kurekebishika.

Hapo unaona kwamba joto la mashine ndilo linaloamua ni vumbi lipi litakuwa adui. Turbini isiyofikisha uso wa bledi nyuzi 1,200 haitapata kioo. Itasumbuliwa na chumvi na vumbi linaloziba njia za ndani. Turbini ya joto kali itapata vyote.

Filta mbili uso kwa uso

Filta ya kujipuliza ilipata sifa yake jangwani, na sifa hiyo ni ya haki. Vumbi likiwa kavu na jingi, hakuna inayoishinda. Hujikung'uta yenyewe, mashine haisimami, na dhoruba ya mchanga inapita. Ila uwezo wake unasimama juu ya sharti moja, kwamba vumbi liwe kavu. Vumbi la saruji likikutana na unyevu wa alfajiri linaganda juu ya karatasi, na mpulizo haulitoi. Chumvi iliyoyeyuka usiku imeshazama kwenye karatasi kabla mpulizo haujafika, na unyevu ukizidi inatambaa hadi upande wa pili na kutoka ikiwa matone madogo. Filta inayopulizwa bure kila dakika chache inachoka, inapata nyufa ndogo, na inarudisha hewani vumbi laini ambalo filta ya jirani inalivuta. Kwa mji wa pwani wenye saruji, udhaifu huu unakutana mahali pamoja.

Filta tuli haina mpulizo, kwa hiyo kila inachokamata kinabaki humo hadi siku ya kubadilishwa. Hilo ni gharama: katriji mpya, kazi ya kubadilisha, na siku za mashine kusimama kama nyumba ya filta haikujengwa kuruhusu kubadilisha hatua za mbele mashine ikiwa kazini. Lakini inakuruhusu kupanga ulinzi kwa hatua. Mbele kofia ya mvua, kisha kitenganisha matone, kisha filta nene ya kukamata singa na vumbi kubwa, na mwisho filta laini yenye karatasi inayokataa maji. Kwa kuwa hatua ya mwisho haibebi mzigo wa vumbi kubwa, unaweza kuweka ya daraja la juu bila kuiua mapema.

Madaraja yenyewe yanahitaji kusomwa kwa makini. Kwa kiwango cha Ulaya, filta ya E10 hukamata angalau asilimia 85 ya chembe zile zenye ukubwa unaopenya kwa urahisi zaidi, E11 asilimia 95, na E12 asilimia 99.5. Mnunuzi husikia 85 na 99.5 akaona tofauti ya wastani. Geuza hesabu uangalie kinachopita: sehemu 15 upande mmoja, nusu sehemu upande wa pili. Ni mara 30.

Tuifanye kwa kilo. Chukua turbini ya daraja la megawati 40, inayovuta kama kilo 125 za hewa kila sekunde. Ikifanya kazi saa 8,000 kwa mwaka imevuta tani milioni 3.6 za hewa. Tuseme, kwa ajili ya hesabu, kila kilo milioni 10 za hewa zimebeba kilo moja ya vumbi laini. Mlangoni zimefika kilo 360. Kwa kukamata asilimia 85 zinapita kilo 54, kwa asilimia 99.5 inapita kilo 1.8. Sehemu ya tano ya hewa ikienda kupoza bledi, upande mmoja unapeleka karibu kilo 11 za vumbi kwenye njia za nusu milimita, upande wa pili gramu 360. Kwa kweli filta hukamata chembe kubwa vizuri kuliko daraja linavyoonyesha, kwa hiyo kilo halisi zitapungua pande zote mbili. Lakini hizo zinazopenya kwa urahisi ndizo laini, na laini ndizo zinazoingia ndani ya bledi.

Anayetetea filta ya kujipuliza atasema filta ya daraja la juu inabana hewa. Ni kweli, na inafaa kuhesabiwa. Kila paskali 1,000 za ziada mlangoni (paskali ni kipimo cha mgandamizo) hugharimu takriban asilimia 1.5 ya nguvu ya turbini. Filta ya E12 ikiongeza paskali 250, umepoteza kama asilimia 0.4, yaani kilowati 160 kwenye megawati 40. Weka hiyo upande mmoja. Upande wa pili weka kompresa isiyochafuka, ambayo nayo ingekula nguvu mwezi baada ya mwezi, na seti ya bledi za safu ya kwanza zinazofika umri wake. Kwa hewa ya Tanga mzani unalalia filta tuli.

Zipo siku hizi katriji za kujipuliza zenye karatasi inayokataa maji na daraja la juu. Kama umeshanunua nyumba ya filta ya kujipuliza, hizo ndizo njia yako ya kati, na ongeza kitenganisha matone mbele yake. Kwa ujenzi mpya nisingeanzia hapo.

Mahali kwa mahali

Nikisema Tanga sisemi mahali pamoja. Ukijenga upande wa bandari au Chongoleani, chumvi ndiyo bwana. Filta tuli ya E12, mlango wa hewa uupandishe juu na uupe mgongo bahari kadiri eneo linavyoruhusu. Ukijenga Pongwe, chumvi imepungua lakini saruji imeongezeka, na unyevu wa asubuhi bado upo. Hapo filta tuli bado ndiyo chaguo langu, ila hatua ya mbele itajaa haraka, kwa hiyo lipia muundo unaokuwezesha kuibadilisha bila kuzima. Ukifika Korogwe au Handeni, vumbi ni la udongo, chumvi ni kidogo, na kiangazi ni kikavu. Huko filta ya kujipuliza inaanza kupata haki yake, hasa yenye katriji za daraja la juu. Mtu wa Handeni asinunue kwa ushauri wa mtu wa Chongoleani.

Turbini yenyewe: ya viwandani au yenye asili ya ndege

Filta ikishachaguliwa, swali linalofuata ni uvumilivu wa mashine kwa kile kidogo kinachopita. Tanzania ina mifano ya aina zote mbili mahali pamoja. Kinyerezi I ilijengwa na turbini nne za LM6000, ambazo zimetokana na injini ya ndege ya CF6-80C2. Kinyerezi II ina turbini sita za H-25, ambazo tangu mwanzo zilibuniwa kwa kazi ya ardhini, pamoja na mitambo ya mvuke inayotumia joto la moshi.

Familia ya CF6-80C2 ina historia inayohusu hasa mada yetu. Tarehe 15 Desemba 1989 ndege ya KLM aina ya 747 ilipita kwenye majivu ya volkano ya Redoubt ikielekea Anchorage, injini zote nne zikazima. Majivu yaliyeyuka kwenye chumba cha mwako na kuganda kuwa kioo kwenye bledi zilizosimama. Ndege iliposhuka na injini zikapoa, kioo kilipasuka na kubanduka, rubani akaziwasha tena, wote wakatua salama. Miaka saba kabla, Juni 1982, ndege ya British Airways ilipatwa na hayo hayo kwenye majivu ya Galunggung, Indonesia, ikiwa na injini za kampuni nyingine. Hewa ya Tanga haina majivu ya volkano, na sitaki mtu asome hapa kwamba turbini hizo ni mbovu. Ni mashine nzuri sana. Lakini kemia ya kalsiamu na silika ni ile ile, na kinachotofautiana ni kasi yake.

Yenye asili ya ndege inawaka na kufika nguvu kamili kwa dakika chache, inatumia gesi kwa uangalifu, ufanisi wake peke yake ukikaribia asilimia 40 au kupita kidogo. Injini ikipata tatizo inatolewa nzima na kuwekwa nyingine kwa siku chache. Dhidi yake: shindilio lake ni kubwa, hewa ya kupozea ni ya moto zaidi, na njia na vitundu vyake ni vidogo, kwa hiyo gramu ile ile ya vumbi inaziba sehemu kubwa zaidi. Ya viwandani ni nzito, kuta zake nene, njia zake pana, na zile za daraja la megawati 30 hadi 40 kwa kawaida haziendeshwi kwa joto la juu kabisa. Inavumilia.

Kwa kiwanda cha Tanga kinachotaka umeme mchana na usiku mwaka mzima, ningechagua ya viwandani, na moshi wake niupeleke kwenye boila, maana viwanda vingi vinahitaji mvuke hata hivyo. Kwa mwenye kuhitaji umeme saa za jioni tu, kuwasha na kuzima kila siku, yenye asili ya ndege ina mantiki, ila ajue kwamba kila kuzima ni nafasi ya ukoko kubanduka na koti.

Na kama hitaji lako ni megawati chache, angalia injini za gesi za pistoni kama zile za Tegeta. Hazina vitundu vya kupozea bledi kwa sababu hazina bledi za moto wa namna hii kwenye kazi kuu. Vumbi huzila pete na silinda, lakini fundi wa kawaida anaweza kulifikia tatizo.

Koti na vitundu

Hapa mnunuzi ana uhuru mdogo, kwa hiyo nitapita haraka. Koti la kawaida ni zirkonia iliyochanganywa na asilimia 6 hadi 8 ya itria. Ni gumu kupasuka, lakini kioo cha kalsiamu na silika kinazama ndani yake. Koti la zirkonia ya gadolini humenyuka na kioo hicho na kutengeneza fuwele zinazoziba njia kisizame zaidi; udhaifu wake ni kupasuka kirahisi, ndiyo maana huwekwa juu ya lile la kwanza. Kama mashine yako haifiki nyuzi 1,200 kwenye uso wa bledi, fedha ya gadolini iweke kwenye filta. Vitundu vyenye mdomo uliopanuka hutandaza hewa vizuri kuliko vya duara tupu, na ningevichukua vikiwapo, nikihakikisha koti halikumwagikia midomoni wakati wa kupaka.

Kuosha hakufiki kote

Kuna wanaosema filta ya wastani inatosha kwa kuwa kompresa inaoshwa. Kuosha kompresa, mashine ikiwa kazini au imesimama, kunarudisha nguvu iliyopotea kwenye kompresa. Hakusafishi njia za ndani za bledi. Tena kuosha mashine ikiwa imesimama kukifanywa bila kufunga na kumwaga mistari ya hewa ya kupozea kama mtengenezaji anavyoagiza, maji machafu yanaingia humo na kuacha tope ambalo moto wa kesho utalipika. Fundi wangu, kama unasimamia zamu ya kuosha, orodha ya valvu za kufunga ndiyo kazi yenyewe. Sabuni ni ya pili.

Dalili za kuangalia kila zamu ni joto la nafasi kati ya diski zinazoshika bledi kwenye turbini za viwandani, ambako vipimajoto huwa vimewekwa, na tofauti ya joto kati ya vipimo vya moshi. Joto la nafasi ya diski likipanda taratibu wiki kwa wiki kwa mzigo ule ule, hewa ya kupozea inapungua mahali fulani.

Kabla ya kusaini

Mwombe muuzaji akupe daraja la hatua ya mwisho ya filta kwa maandishi, likiwa la filta nzima na si la karatasi peke yake. Mwombe matokeo ya majaribio ya katriji ikiwa imelowa maji ya chumvi, siyo ikiwa kavu tu. Muulize paskali zikiwa mpya na paskali za siku ya kubadilisha. Muulize kama bledi za safu ya kwanza zina tundu la vumbi nchani.

Kisha nenda ukaikague nyumba ya filta yenyewe: gasketi, welding, milango ya ukaguzi. Filta ya E12 inapitisha nusu ya asilimia moja. Gasketi iliyokaa vibaya ikiachia asilimia moja tu ya hewa ipite pembeni bila kuchujwa, imeingiza vumbi mara mbili ya lile lililopita kwenye filta zote kwa pamoja. Weka kwenye mkataba kwamba kabla ya turbini kuwashwa mara ya kwanza, mtu ataingia upande wa hewa safi, milango ifungwe, taa ziwashwe nje, na kila mwanga utakaoonekana kwenye ukingo uzibwe mbele yako.